Maji Tuliyomnywesha Mzee

Kwa mdogo wangu Hezroni, huko Bendera.

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini shikamoo ulizoninyima tangu ushuke mlima ni nyingi, nimeona niitikie moja mapema ili tuanze vizuri.

Hujambo wewe? Kifua je, bado kinakubana asubuhi, au joto la huko limekifungua? Mwanao Agatha na mumewe hawajambo? Mpunga umesimama vizuri? Sisi huku juu wazima, tunamshukuru Mungu. Mvua imenyesha ya kutosha, tangawizi imejaa shambani, na ukungu unaingia ndani bila kubisha hodi kama ulivyouacha. Magoti yangu ndiyo hayanisikii tena. Mdomo haujambo, kama utakavyoona.

Anayeniandikia ni jirani yangu Dorkas, yule mzee wa kanisa. Unajua sikukaa kwenye dawati hata siku moja. Wewe ulipelekwa shule, mimi nikapelekwa kwa mbuzi. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asininyooshee maneno. Amekubali, ingawa namwona anavyokunja uso. Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu yangu hupokei. Inaita mpaka inachoka yenyewe. Na hata ungepokea, mimi na wewe tungegombana kabla hatujamaliza kuulizana hali. Karatasi huwezi kuikatia.

Rogathe mjukuu wangu ndiye aliyekuletea. Nimemwambia akishasema shikamoo babu afunge mdomo mpaka umalize kusoma, kwa hiyo usimsumbue kwa maswali. Mpe kiti, mpe maji. Mtoto aliye mgongoni mwake mpe uji, meno yameshatoka, anakula. Kisha keti usome mpaka mwisho, wala usirukie chini kutafuta jambo lenyewe. Nakujua.

Kwanza nakushukuru. Ungedhani ningeanza na lawama, sivyo? Nakushukuru kwa miaka yote uliyoendesha gari letu sisi wakulima wa tangawizi. Hakuna nyumba huku juu ambayo hukuifikishia kitu. Magunia ya watu uliyashusha Same, na mabati, saruji na vitabu vya watoto ukavipandisha. Marehemu mume wangu ulimleta nyumbani taratibu hivi kwamba hakuna aliyesikia jeneza likigonga ubao. Nilipopelekwa Moshi kutibiwa macho ulinisubiri siku nzima umekaa juu ya gurudumu la akiba, na niliporudi nimefungwa bandeji ulinisimulia njia yote tunapita wapi, nani anapalilia, ng'ombe wa nani amevunja uzio. Sikukuambia asante. Nadhani nilikuambia unaongea sana.

Na gari lenyewe uliliheshimu. Tulipoliita Mzee tulikuwa tunatania; wewe ulilichukulia kama mzee kweli. Asubuhi, kabla hujaliwasha, ulichomoa kile kijiti cha oili, ukakifuta, ukakirudisha, ukakichomoa tena ukakitazama kwenye mwanga. Ulipima maji injini ikiwa bado baridi. Ulikuwa ukisema silinda sita zilizopangwa mstari mmoja ni kama watu sita waliobeba jeneza, mmoja akilegea wote wanayumba, na ukisikiliza vizuri utamjua ni yupi. Mimi nilikuwa nacheka. Ulikuwa unainamisha kichwa upande, unasema wa tatu amekohoa. Tulipofika Same fundi akafungua, akakuta nozeli inayopulizia mafuta silinda ya tatu imeziba. Mtu kama huyo ndiye aliyeambiwa ameua gari la watu kwa uzembe.

Sasa niiseme siku ile. Najua unaijua kuliko mimi, lakini umekuwa ukiisema peke yako kichwani muda mrefu, acha na mimi niiseme, maana nilikuwemo.

Rogathe alishikwa na uchungu alfajiri. Tulimlaza nyuma juu ya magunia, mimi nikakaa kichwani kwake, wanawake wengine wawili miguuni. Tulisimama pale kwenye ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, kama kawaida, watu wakamtilia Mzee maji, tukaendelea. Kwenye mlima wa mwisho, kabla barabara haijaanza kushuka kwenda Same, nikasikia injini inakwenda kwa kuchechemea. Baadaye nimeambiwa mafundi wanaita kumisi, yaani silinda moja haichomi. Kisha moshi mweupe ukatoka nyuma, mzito, wenye unyevu puani kama mvuke wa sufuria. Kisha kimya. Ulishuka ukafungua boneti, ukasimama. Uliweka mikono kichwani. Ulisema neno moja tu, kwamba mshale wa joto ulikuwa katikati.

Mtoto hakusubiri gari jingine. Alizaliwa palepale barabarani, kwenye mikono yangu hii. Ulivua koti lako tukamfunikia. Kisha ukashika turubai kwa mikono yote miwili, umetupa mgongo, ukatukingia upepo muda wote ule bila kugeuka hata mara moja, na mabega yako yalikuwa yanatikisika. Ulidhani sikuona. Niliona. Mtoto akalia, Rogathe akacheka, na wewe bado ulikuwa unalia.

Halafu ule mkutano wa wakulima. Mwenyekiti wetu Zebedayo alisimama na kusema dereva anayetazama geji hawezi kuunguza gasketi ya injini. Alisema labda ulikuwa unasinzia. Mwingine akasema labda ulikuwa umepiga pombe ya miwa, na wewe hujaonja pombe tangu upate kipaimara. Ulisimama ukasema, "Mshale ulikuwa katikati." Wakakuuliza, sasa injini imekufaje. Ukasema tena uleule mshale. Watu wakaguna. Mimi nikasimama nikamwambia Zebedayo maneno ambayo Dorkas amekataa kuyaandika hapa, na nikamtaja na mama yake, nikaona uso wako unazidi kuinama, kwa sababu hakuna mwanamume anayependa kupiganiwa na dada yake mbele za watu. Uliweka funguo mezani. Kesho yake ukashuka Bendera, na hukupanda tena. Krismasi hukuja. Hata mazishi ya rafiki yako Anderson hukuja.

Mzee akakokotwa, akaachwa kwenye uwanja wa soko letu la tangawizi. Kuku wakaanza kutagia ndani. Basi mwaka huu wakaamua auzwe kama chuma chakavu, na mnunuzi akaja kutoka Makanya na lori lake na mitungi ya gesi ya kukatia. Nikasikia niko shambani. Nilipofika walikuwa wameshaanza kupimapima kwa macho. Nilipanda juu ya boneti nikakaa, na magoti yangu haya, usiniulize nilipandaje. Nikawaambia atakayetaka kukata aanze na mimi.

Zebedayo akaja kwa upole, akaniita mama, akaniambia gari limekufa na maiti haikai barazani. Nikamwuliza ng'ombe wake alipokufa ghafla mwaka ule alifanya nini, alimtupa? Akasema hapana, walimpasua. Kwa nini walimpasua? Ili waone ini, waone nyongo, wajue kilichomwua kama kitaua na wengine. Nikamwambia basi na huyu mpasueni kwanza. Mlimhukumu ndugu yangu bila kuangalia ini. Nikiona kilichomwua Mzee, na kama ni uzembe wa Hezroni, nitashuka hapa na mimi mwenyewe nitashika mwisho mmoja wa chuma kupakia kwenye lori.

Yule mnunuzi wa Makanya alicheka mpaka akakaa chini, akasema hajawahi kuona maiti yenye mwanasheria. Yeye ndiye aliyesema yupo kijana Same, Habibu, mwenye gereji, anayezijua injini hizi za zamani za silinda sita kuliko anavyomjua mke wake.

Habibu akaja. Wewe hujamwona bado. Ni mtu wa majigambo sana, anaongea kama redio, na anaimba anapofungua nati. Alisema kabla hajashika spana kwamba yeye akiitazama injini injini inaogopa. Nikamwambia aitishe basi tuone. Alitandika turubai, na watu wote wakaja, maana nilihakikisha wamekuja. Nilipita nyumba kwa nyumba. Zebedayo nilimwekea kigoda mbele kabisa.

Alichomoa kijiti cha oili. Oili ilikuwa kama chai ya maziwa. Akatuonyesha wote, akasema hapa maji na oili vimelala kitanda kimoja. Akafungua juu, akaondoa lile pande zito la chuma wanaloita silinda hedi, akalipindua. Gasketi, kile kibati chembamba kinachotenga maji na oili, ilikuwa imeungua kwenye silinda ya sita, ile ya mwisho kabisa, iliyo karibu na miguu ya dereva, na chuma kimepasuka ufa mwembamba kama unywele. Akasema injini hizi nyuma ndiko kunakopata joto zaidi, kwa sababu maji yanaanzia mbele na yanafika huko yamechoka. Zebedayo akasema si hayo tuliyosema, imeungua. Habibu akamwambia babu tulia, bado sijafika kwenye ini.

Kuna koki ndogo pembeni ya injini ya kumwagia maji. Akaifungua. Halikutoka hata tone. Akaifungua hadi mwisho akaichomoa kabisa, tundu likabaki wazi, na bado kimya. Hapo ndipo alipoacha kuimba. Alichukua waya akachokonoa, akavuta, na kilichotoka kilikuwa chekundu. Akaomba kijiko. Dorkas akampa kijiko chake cha chai. Akawa anachota kwenye vile vijia vya maji vinavyozunguka silinda, anaweka kwenye turubai, anachota, anaweka, mpaka likawa rundo. Nyuma, kwenye ya tano na ya sita, lilikuwa limeshindiliwa kama udongo wa kukandika nyumba. Na ndani ya rundo lile, Hezroni, kulikuwa na kigamba cha konokono. Wale konokono wadogo weupe wa ndiva, tuliowaokota utotoni.

Kila mwanamke aliyekuwa pale alikuwa anajua alichobeba kwenye galoni lake.

Unakumbuka lilivyoanza. Pampu ya maji ya Mzee ilikuwa inavuja kidogo, na wewe ulikuwa unaongezea maji ya chemchemi, unayachuja kwa kitambaa cheupe. Siku moja mama mmoja aliyepanda pale ndiva akakuletea maji, kwa sababu gari linampeleka, na kwetu mtu anayekubeba humwachi na kiu. Kesho mwingine. Mwisho ikawa ni adabu. Aliyepanda bila galoni la Mzee alitazamwa kama amekuja msibani mikono mitupu. Walikuwa wanachota palepale kwenye ndiva, maji ambayo mifereji yote ya mlima imeyashusha na udongo wake, mazuri kwa maharage, nani alijua ni sumu kwa chuma. Najua utasema ungewazuia. Ungemzuiaje mtu mzima aliyeinama akachota, akabeba kichwani, akakuletea kwa mikono miwili? Ungemwaga maji yake mbele yake? Hata mimi ningekuzaba kofi.

Lakini sikiliza hili lingine, ndilo nililolipandia boneti. Habibu alichomoa kile kidude kinachopima joto la maji, chenye waya unaokwenda kwenye mshale wako. Kilitoka kimevaa tope gumu pande zote, kama jino lililoota kutu. Akaligonga likaanguka likiwa zima, na umbo la kile kidude ndani yake. Akatuambia chombo hiki kinapima maji, na hapa hapakuwa na maji, kilikuwa kimezikwa. Injini ingeweza kuwaka moto, na mshale ungebaki unasema yote salama.

Nikamwambia arudie, kwa sauti, mshale ulikuwa wapi.

Akasema, "Katikati, bibi. Dereva aliona katikati."

Zebedayo aliinuka kwenye kigoda. Nilidhani anaondoka, nikajiandaa kumfuata. Aliinama kwenye turubai akachota lile tope, akalisugua kwa vidole kama anavyosugua udongo wa shamba kabla ya kupanda. Akakaa nalo mkononi. Kisha akasema, "Hili ni tope letu."

Zebedayo ni mkaidi, nimemjua tangu hana ndevu, na sijawahi kumwona akikubali kosa. Alitembea nalo mkononi mpaka nyumbani kwake. Jioni akaja kwangu, akakaa, akanywa uji wote, akaniuliza kama unapokea simu. Nikamwambia wewe jaribu. Akajaribu. Hukupokea.

Basi asubuhi pembe ikapigwa, ule mlio wa msaragambo wa kuitia kazi ya wote, na nyumba zote zikatoka kama tunavyotoka kuchimba mfereji, ila safari hii tuliitiwa injini. Wanaume walishusha rejeta kwa mabega mpaka barabara kuu, ikapelekwa Same ikafunguliwa, ikapigwa vijiti mirija yote mpaka ukawa unaona mwanga upande wa pili. Wanawake tulibeba maji ya chemchemi, yaliyochujwa, tukayamimina kwenye injini tupu, yakatoka mekundu, tukamimina tena, siku hiyo na nyingine, mpaka yakatoka kama yalivyoingia. Nilisimamia mimi. Habibu alileta silinda hedi nzima aliyoitoa kwenye injini nyingine, akaipeleka kwanza Moshi kusawazishwa kwenye mashine, maana alisema ikiwa imepinda hata kidogo gasketi mpya haitashika. Akabadilisha pampu ya maji, akamwaga oili, akapima valvu, akaweka mkanda mpya wa feni. Alituonya tusithubutu kufungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto, na ndani akaweka yale maji ya kijani ya dukani. Na pale ndiva tumejenga kikalio cha mawe na pipa lenye kifuniko, linalojazwa kutoka chemchemi. Ni la Mzee tu. Watoto wanaliogopa kuliko madhabahu. Anayetaka kumpa Mzee maji anapeleka kwenye chemchemi miguu yake mwenyewe. Heshima imebaki, tope limeondoka.

Namshukuru Mungu kwa Habibu na mdomo wake. Namshukuru kwa yule mnunuzi wa Makanya aliyepoteza chuma chake siku ile na bado akatuonyesha fundi. Namshukuru, ingawa inaniuma, kwa Zebedayo.

Sasa la mtoto. Unajua mpaka leo hajabatizwa? Mchungaji ameuliza mpaka amechoka. Rogathe ni mpole, lakini kwenye hili ana kichwa changu. Amesema mtoto alifunikwa kwa koti la babu yake kabla hajafunikwa kwa nguo nyingine yoyote, na hataenda kwenye maji ya ubatizo bila babu huyo kusimama naye. Wala jina hataki lingine. Ataitwa Hezroni. Nilimwambia jina hilo ni la wakaidi, akasema anajua. Ubatizo ni Jumapili hii. Usipokuja, mtoto atakuwa anatembea na kujibu majina ya utani.

Zebedayo ameomba asimame mbele ya kanisa zima baada ya ibada, aseme alichosema kwenye turubai. Nimemwambia aseme kwa sauti, maana ulipotukanwa hakunong'ona.

Nimebakiza jambo moja, na hapa ndipo nilipokukataza kurukia.

Umefikiri Rogathe amekuja na basi. Hakuja na basi. Ninapomsemea Dorkas haya bado tuko juu, lakini unapoyasoma Mzee yuko hapo Bendera. Nimemwambia Habibu amwegeshe nyuma ya mashine ya kusaga, kwa sababu ile mashine ina makelele na sikio lako nalijua. Ungemsikia toka anaingia kijijini, na ungetokea mlango wa nyuma ukapotelea kwenye mpunga. Wewe ukisikia injini ile ungejua hata aliyekohoa. Hakohoi mtu. Wote sita wamebeba sawa.

Na mimi nimo ndani. Nimekaa kiti cha mbele. Sijashuka, kwa sababu ningeingia kwako kwanza ningeanza kugomba, na haya yote yasingesemwa. Habibu ameshusha begi lake na ameapa kwamba kazi yake ilikuwa kumfikisha Mzee chini tu. Kupanda mlima kuna mwenyewe. Anasubiri basi la kurudi Same, anaimba, na ananichosha.

Mwambie Rogathe afungue pindo la kanga. Funguo zimo, zilezile ulizoweka mezani. Tangu siku ile hazijakaa mkononi mwa mtu, zilikaa kwenye kabati langu pamoja na vikombe vya wageni. Habibu amechongesha za kwake.

Niagie Agatha na mumewe, waambie tutakurudisha baada ya ubatizo kama utataka kurudi, na mpunga wasiuache bila maji. Dorkas anakusalimu sana, mkono umemuuma. Watu wote wa huku juu wanakusalimu, kila nyumba, nilipita nikazikusanya salamu zao na nimechoka kuzibeba, njoo uzichukue mwenyewe.

Fanya haraka. Dirisha la upande wangu bado halishuki, hilo hata Habibu ameshindwa, na jua la Bendera linanipika.

Ni mimi dada yako niliyekubeba mgongoni,
Eliakunda
(kidole gumba changu hiki hapa, wino umemwagikia na salamu)